Jasho Chini ya Nailoni

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Loisi alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao Kikuyu, mjini Dodoma. Alikuwa akifungua mlango wa nyuma taratibu, ananyunyiza maji uani ili vumbi litulie, kisha anafagia. Mwezi wa kumi ukichelewa kufagia, upepo unakutangulia. Unarudisha takataka zote ulizokusanya, na unakuongezea na za jirani. Akishafagia aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, akatoa sare yake ya shule na kuitundika mlangoni.

Kazi hizo zote zilikuwa zake tangu mama yake, Jenifa, alipokwenda Mpwapwa kumwuguza bibi aliyevunjika nyonga. Loisi alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, wala hakuzilalamikia. Siku ya kuondoka, mama alimshika mkono kituo cha basi akamwambia, "Nyumba nakuachia wewe, mwanangu. Lakini zaidi ya nyumba, nakuachia baba yako. Hakikisha anakunywa dawa zake kila asubuhi akishakunywa chai. Unamjua alivyo."

Loisi alimjua. Baba yake, Yotham, alikuwa dereva wa ofisi moja kule Mji wa Serikali, Mtumba. Kutwa alikaa nyuma ya usukani, na alipokuwa akiwangoja mabosi watoke mkutanoni alikula chipsi na kunywa soda baridi. Miaka ilivyokwenda, tumbo likatangulia mbele ya mkanda. Kisha siku moja alipata kizunguzungu akiwa kazini. Alipopimwa akaambiwa ana presha. Aliandikiwa vidonge vya kunywa kila siku, akaagizwa apunguze chumvi na afanye mazoezi, aanze kwa kutembea na baadaye akimbie polepole.

Chumvi aliipunguza huku akinung'unika. Lakini mazoezi aliyashika kwa pupa, na hapo ndipo hofu ya Loisi ilipoanzia.

"Loisi! Njoo unifunge huku nyuma."

Baba alikuwa amesimama sebuleni kifua wazi, amejizungushia tumboni nailoni ngumu, ile ambayo mama huitandika uani wakati wa kuanika mtama. Loisi alivuta kamba akaikaza kwa fundo. Juu ya nailoni baba alivaa sweta, na juu ya sweta akavaa jaketi zito la baridi.

"Baba, husikii joto?"

"Joto ndilo ninalolitafuta. Nyama ya mbuzi yenye mafuta ukiiweka juu ya jiko, inafanyaje?"

"Inachuruzika."

"Basi! Na hili tumbo litachuruzika hivyohivyo. Jasho ndiyo dawa, mwanangu."

Loisi alimpa chupa ya maji. Baba akairudisha mezani.

"Maji baadaye. Mimi nimekulia machungani. Kwetu mchungaji hanywi maji kabla ng'ombe hawajanywa. Tulikwenda nao kutwa nzima juani, na aliyeomba maji njiani alichekwa mpaka siku ya harusi yake."

"Lakini hapa hakuna ng'ombe, baba."

"Ng'ombe ni huyu hapa," baba alisema, akajipiga tumbo kwa kiganja. Nailoni ikalia pwa! Wote wawili wakacheka.

Loisi alicheka, lakini aliichukua ile chupa kimyakimya akaificha ndani ya sweta yake.

Baba alikuwa na sababu ya haraka yake. Ofisini kwao kulikuwa na bonanza la michezo lililokaribia. Dereva mwenzake aliyeitwa Sostenes alikuwa amemtania mbele ya watu wote. "Mzee Yotham, wewe jisajili kwenye karata. Mbio tuachie sisi wenye viuno!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baba naye alicheka, lakini kicheko kile kilimkaa rohoni. Alirudi nyumbani akaapa kwamba atamwacha Sostenes nyuma, na kwamba mama akirudi kutoka Mpwapwa atampita mlangoni akidhani ni mgeni.

Basi kila alfajiri walitoka wawili. Walipita nyuma ya kanisa, wakaingia barabara ya vumbi inayopita kando ya mashamba ya zabibu mpaka chini ya kilima cha mawe, kisha wakarudi. Loisi alipenda kukimbia. Miguu yake ilikuwa myepesi, na hewa ya asubuhi ilimburudisha. Lakini baba hakukimbia kama mtu anayejiburudisha. Alianza kwa kasi kama aliyeibiwa, na alipochoka aliongeza kasi.

Asubuhi moja, walipofika kwenye ua wa shamba la zabibu, hatua za baba zilinyamaza. Loisi aligeuka. Baba alikuwa amekumbatia nguzo ya ua kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na pumzi yake ililia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Baba! Baba, una nini?"

"Usipige kelele." Alifumba macho. "Kifua kinabana. Kidogo tu. Kama mtu amekikalia."

Loisi alitoa ile chupa aliyoificha. Safari hii baba alikunywa, maji mengine yakimwagikia jaketini. Walikaa chini hadi rangi ya uso wake iliporudi. Ndipo aliposema, bila kumtazama, "Hili libaki kati yangu na wewe. Mama yako ana mgonjwa. Ukimwambia ataacha kila kitu aje, na bibi yako abaki na nani? Haya, niahidi."

Loisi alitazama mizabibu. Alitaka kusema hapana, lakini tangu azaliwe hakuwahi kumwambia baba yake hapana.

"Naahidi, baba."

Neno lile lilimshuka kama tonge la ugali mkavu lisilo na mlenda.

Jioni mama alipiga simu kama kawaida yake. Baba alikuwa upande wa pili wa meza, amesimamisha tonge, anamtazama Loisi.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti yako imekuwa ndogo? Dawa anakunywa?"

"Anakunywa."

Hilo la dawa, angalau, Loisi aliamini ni kweli. Kila asubuhi aliweka kidonge kwenye kisahani kando ya kikombe cha chai, na kila alipokuja kutoa vyombo alikuta kisahani kitupu. Alijishikilia hapo. Alijiambia kwamba mtu anayekunywa dawa zake hawezi kufa hivihivi.

Lakini siku chache baadaye, akifagia chini ya dirisha la sebule, alimwona kuku anadonoa kitu cheupe kwenye udongo wenye unyevu chini ya ukuta. Loisi alimfukuza kuku, akainama. Kilikuwa kidonge. Kando yake kulikuwa na kingine kilichoanza kuyeyuka, na kingine kimebaki alama nyeupe tu kwenye udongo. Alisimama na ufagio wake mkononi.

Aliingia ndani. Baba alikuwa anafunga kamba za raba.

"Baba, vidonge viko nje."

Baba aliziachia kamba. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekutwa jikoni na mfuniko wa sufuria mkononi.

"Vidonge vile vinanipeleka chooni kila mara, mama. Nikivinywa asubuhi, bosi yuko ndani ya gari, mimi nasimama kila kichaka hapa mpaka Mtumba? Itakuwa aibu. Na jasho linafanya kazi hiyohiyo. Kwani hujaona? Tazama." Alivuta mkanda wake. Ulikuwa umerudi nyuma tundu mbili. "Hivi mgonjwa anafanana hivi?"

Loisi aliutazama mkanda. Ni kweli baba alikuwa amepungua. Hakujua tena aamini nini, ule mkanda au ile nguzo ya shamba la zabibu.

"Na hilo nalo libaki kati yetu?" aliuliza.

"Na hilo nalo," baba akasema.

Tangu siku hiyo Loisi hakuwa na raha. Darasani aliandika asichokisoma. Kila gari la wagonjwa lilipopita barabarani likilia, moyo wake uliruka. Wakati wa mapumziko rafiki yake Lulu alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa, andazi lake halijaguswa.

"Jana nilimwona baba yako na lile koti lake," Lulu alisema akikaa. "Loo! Nilidhani gunia la mkaa limeanguka kutoka kwenye lori, likaamua kwenda sokoni lenyewe!"

Siku nyingine Loisi angecheka. Siku hiyo midomo yake ilicheza tu.

"Lulu, mtu akikupa siri, halafu siri yenyewe ikawa inakutisha, unafanyaje?"

"Siri ya nani?"

"Ya mtu mzima."

"Weee! Funga mdomo." Lulu alijifunga wake kwa vidole. "Mimi nilitoa siri ya kaka yangu mara moja tu. Mpaka leo akila muwa hanipi hata ganda. Sasa wewe ya mtu mzima! Utakula?" Alikuwa amelinyooshea mkono lile andazi.

Loisi alimpa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya bonanza, baba alichelewa kuamka, kwa sababu jana yake alikuwa amerudi na gari kutoka safari ndefu. Walipotoka, jua lilikwishapanda na kuanza kuuma. Loisi alimwomba waahirishe.

"Niahirishe, Sostenes anaahirisha?" baba alijibu. "Leo funga nailoni mara mbili. Kaza. Kaza, Loisi, usifunge kama unafunga zawadi."

Loisi alikaza.

Walipofika nyuma ya kanisa walisikia wimbo. Kilikuwa kikundi cha jogingi cha mtaani kwao kinarudi. Mbele alikuwa Bi Batuli, jirani yao anayeuza vitenge sokoni, mama mtu mzima mwenye wajukuu, amevaa suruali ya mazoezi, kanga kiunoni na ushungi kichwani. Yeye aliimba mstari, na wenzake, vijana kwa wazee, wakaitikia huku miguu yao ikienda taratibu kwa pamoja, kama wanafunzi kwenye mchakamchaka.

"Shikamoo, Bi Batuli!" Loisi alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba Loisi! Unakimbizwa na nani? Njoo huku kwetu, hatuachi mtu nyuma!"

"Hiyo ni harusi, Bi mkubwa, siyo mbio!" baba alijibu bila kusimama.

Kikundi kizima kikaangua kicheko. Loisi alipogeuka nyuma aliona Bi Batuli hacheki tena. Alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anawatazama wanavyokwenda.

Waliyapita mashamba ya zabibu. Kilima cha mawe kilikuwa mbele yao, na hewa juu ya barabara ilicheza kwa joto. Loisi aligundua jambo. Uso wa baba, ambao kila siku ulikuwa ukilowa jasho, ulikuwa mkavu. Ulikuwa mwekundu kwa ndani, kama udongo, na macho yake yalitazama mbali.

"Baba, tusimame."

Baba hakujibu. Alianza kwenda upande, kama mtu anayesukumwa na upepo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye shamba tupu lililokuwa kando ya barabara.

"Joel," alisema kwa sauti nzito. "Joel, wageuze wale. Wanaingia kwenye mtama wa watu."

Loisi aliganda. Joel alikuwa kaka yake baba, waliyechunga naye utotoni. Alikwishafariki Loisi akiwa hajazaliwa. Na pale shambani hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na kitu chochote ila mabua makavu.

"Baba, ni mimi. Ni Loisi."

"Wageuze, nimekwambia..."

Magoti yake yalikunjika. Alianguka kwa ubavu, vumbi likaruka.

Loisi alipiga kelele, lakini hakukuwa na mtu wa kumsikia. Alipiga magoti, akavuta zipu ya jaketi, akapandisha sweta. Mwili wa baba ulichoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Alilishika fundo la kamba, lile alilolikaza mwenyewe, likagoma. Alilivuta kwa kucha, akaliuma kwa meno, akionja chumvi ya jasho. Lilipoachia, maji ya moto yalimwagika kutoka chini ya nailoni mpaka mapajani kwake. Alimmwagia baba chupa yote ya maji kichwani na kifuani. Baba alikoroma tu.

Aliogopa kumwacha. Aliogopa pia kukaa. Mwishoni alimfunika uso kwa sweta yake ya shule ili jua lisimpige machoni, akasimama, akakimbia.

Hakukumbuka baadaye aliikimbiaje ile barabara. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akisema peke yake, "Mungu wangu, asife, Mungu wangu, asife," na kwamba kila hatua ilimpeleka mbali na baba yake. Alikikuta kikundi cha Bi Batuli hakijafika mbali. Kilikuwa kinanyoosha viungo kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa.

"Baba ameanguka!"

Bi Batuli hakuuliza swali. "Wewe, lete bajaji. Wewe na wewe, ndoo ya maji pale kwa mlinzi. Twende, mwanangu, tuonyeshe."

Walimkuta palepale. Bi Batuli alivua kanga kiunoni, akailowesha, akamfunika nayo kifua. Wengine walisimama wakamkinga jua kwa miili yao, huku wakimpepea. Bajaji ilipofika walimpakia, na Loisi akakaa sakafuni kwenye miguu ya baba, ameishika raba yake moja kwa mikono miwili mpaka kituo cha afya.

Pale walimpokea haraka. Walimpoza kwa maji na feni, wakamtundikia dripu. Loisi alisimama kwenye kona ya chumba. Alihesabu matone ya dripu ili asifikirie, akapotea, akaanza tena. Baada ya muda ambao kwake ulikuwa kama siku nzima, baba alifungua macho.

"Loisi," alisema. "Niko wapi?"

Loisi alitaka kujibu, lakini alianza kulia. Bi Batuli akamvuta begani kwake.

Tabibu aliyekuwa zamu aliitwa Elisante, mwanamume mrefu asiye na haraka. Alimfunga baba kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama namba, akakifungua, akapima tena mkono wa pili. Uso wake ulibadilika.

"Mzee wangu, presha iko juu mno. Unatumia dawa?"

"Natumia," baba alisema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata leo asubuhi."

Loisi aliinua kichwa.

"Kifua kimewahi kukubana ukiwa kwenye mazoezi?"

"Hata siku moja, daktari. Ni jua tu la leo." Baba aliposema hivyo macho yake yalipita juu ya bega la tabibu, yakamkuta Loisi. Hayakuwa makali. Yalikuwa yanaomba.

Tabibu Elisante alivuta pumzi, akachukua kalamu. "Basi kama unakunywa kila siku na bado iko hivi, dawa hii imekushinda. Nitakuongezea nyingine yenye nguvu zaidi, uzinywe zote kwa pamoja kuanzia leo."

Kalamu ilianza kuandika. Loisi aliisikia ikikwaruza karatasi. Akisema, atakuwa amemwaibisha baba yake mbele ya jirani na mbele ya daktari, naye huenda asimwite tena lile jina la mapenzi, mama, maisha yake yote. Asiposema, ile kalamu itaandika dawa za mtu mwingine, mtu asiyekuwepo, anayekunywa vidonge vyake kila siku.

"Hajanywa," alisema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Tabibu aligeuka. "Umesemaje, binti?"

"Hajanywa leo. Wala jana. Anavitupa dirishani, nimeviona, kuku alikuwa anavidonoa." Sasa maneno yalitoka yenyewe na machozi pamoja. "Na kifua kilimbana. Pale kwenye zabibu. Alisema ni kama mtu amekikalia. Na leo alimwita baba mkubwa Joel, na baba mkubwa Joel alishakufa!"

"Loisi..." baba alisema.

"Nisamehe, baba. Nilikuahidi. Lakini anaandika!"

Tabibu Elisante aliichana ile karatasi, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Mzee Yotham," alisema taratibu, "ukiwa umekauka maji hivi, ungemeza zote mbili kwa mara moja, presha ingeporomoka ghafla. Ungeanguka tena, na sijui kama mtoto huyu angekuwa karibu. Kwa nini ulizitupa?"

Baba alitazama dari. "Zinanipeleka chooni," alisema. "Mimi ni dereva."

"Ungeniambia hivyo tu! Kuna ya kunywa ukisharudi kutoka kazini, kuna ya aina nyingine. Dawa inabadilishwa, mzee, haitupwi. Na ile nailoni niliyoambiwa ulijifunga, nani alikwambia inayeyusha mafuta? Kilichotoka ni maji ya mwili. Unayanywa, unarudi ulivyokuwa. Usipoyanywa, ndiyo haya. Mwili unajipoza kwa jasho lile kukauka juu ya ngozi. Wewe umelifungia ndani, kama mtu anayeziba bomba la moshi halafu anaendelea kuwasha moto."

Bi Batuli alitikisa kichwa. "Na mimi nilikuona, Baba Loisi. Nilisema moyoni, yule hata hawezi kuitikia wimbo. Heri ningekufuata."

Kwa sababu ya lile la kifua, tabibu hakumruhusu kurudi nyumbani. Walimpeleka hospitali kubwa kupimwa moyo. Loisi alingoja nje kwenye benchi pamoja na Bi Batuli, na kila mlango ulipofunguka alisimama. Jioni ndipo walipoambiwa kwamba moyo haujaumia, ila umeonya, na kwamba angebaki pale kwa uangalizi.

Baba alimwomba Bi Batuli simu. "Nitamwambia Mama Loisi mwenyewe," alisema. "Mtoto amesema vya kutosha leo."

Mama alifika kesho yake mchana, akiwa amemwacha bibi na shangazi. Nguo zake zilikuwa na vumbi la njiani. Alimsalimu baba, akamshika paji la uso, kisha akatoka nje alikokuwa Loisi. Loisi alisimama, mikono nyuma. Hofu yake ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

"Kila jioni nilikuuliza," mama alisema. "Kila jioni ukaniambia hajambo."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nalala usingizi mzuri kwa sababu ya neno lako."

Loisi alitamani mama apige kelele. Mama alikaa kwenye benchi, akamkalisha ubavuni kwake.

"Sikiliza, mwanangu. Kumtii baba yako si kosa. Ila mtu akikupa siri, itazame kwanza. Kama siri yenyewe ni ya kumfurahisha mtu, itunze. Kama ndani yake mtu anaumia, itoe siku hiyohiyo, hata kama aliyekupa ni mimi mama yako. Umechelewa kusema. Lakini ulisema, tena mbele yake, tena ukiogopa. Kwa hilo bado ninaye mume." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani. "Na wewe, Baba Loisi, usijifanye umelala! Mzigo wa mtu mzima hauwekwi kwenye mdomo wa mtoto!"

"Nimesikia," baba alijibu kutoka ndani. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Loisi, mama yangu, njoo."

Loisi aliingia. Baba alikuwa amelala chali, mdogo ndani ya shuka jeupe. Alimshika mkono.

"Nisamehe. Ulinifungua kamba kule barabarani, halafu nikataka ufunge mdomo huku. Nilikosa mara mbili."

Bonanza lilifanyika bila baba kushiriki. Alipewa dawa nyingine isiyomsumbua safarini, na mama akawa anampeleka kupimwa presha kila wiki kwenye kituo cha afya. Mwezi wote aliruhusiwa kutembea tu. Alitembea na Loisi jioni, jua likiwa limepoa, amevaa fulana nyepesi, na wakifika kwenye kivuli alikunywa maji kabla Loisi hajamkumbusha. Mvua za kwanza zilipokuwa zimekwisha kunyesha, na vumbi limelala, tabibu alimruhusu kujiunga na kikundi cha Bi Batuli.

Sheria ya kikundi ilikuwa moja, nayo Bi Batuli aliitangaza mbele ya wote. "Mwimbaji akiimba, unaitikia. Ukiona huwezi kuitikia, pumzi imekwisha, unatembea. Hakuna kuona haya. Hata mimi natembea."

Jumamosi ya kwanza baba alikimbia nyuma kabisa, kati ya bibi mmoja na kijana aliyekuwa anapona malaria. Loisi alikimbia kando yake. Kila baada ya hatua chache alimtazama kwa pembe ya jicho, midomo, paji la uso, mikono. Hofu ya miezi ile haikuwa imemtoka. Barabara ilianza kupanda, na sauti ya baba ikaanza kukosekana kwenye kiitikio. Neno moja, kisha mawili. Loisi akapunguza mwendo, akamsogelea.

Baba akasimama. Akaweka mikono kiunoni, akacheka huku anahema.

"Loisi, nimechoka. Natembea."

Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyegeuka kumcheka. Yule bibi naye akasimama, na yule kijana pia. "Afadhali umesema," alimwambia. "Mimi nilikuwa namngoja mtu wa kuanza."

Wakatembea wote wanne taratibu, wakila upepo.

"Unajua, mwanangu," baba alisema pumzi iliporudi, "kukimbia nilijua tangu utotoni. Hakuna aliyenifundisha. Lakini kusema nimechoka, naumwa, naogopa, hayo nimejifunza ukubwani, na karibu nife kabla sijayajua. Wewe usingoje mpaka umri wangu."

Mbele yao Bi Batuli alianza wimbo mwingine. Baba alivuta pumzi, akaitikia kiitikio chote mpaka mwisho.